Nina vidonda vya tumbo: maziwa ninywe au niache?

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 34, naishi Morogoro. Mwaka wa pili sasa nasumbuliwa na maumivu ya chembe ya moyo, hasa usiku na nikikaa na njaa. Mwaka jana nilipimwa damu nikaambiwa nina H. pylori, nikapewa dawa za wiki mbili. Siku ya tano nikaona nafuu, nikaziacha, maana zilikuwa zinaniachia ladha ya chuma mdomoni. Mama amenishauri ninywe nusu lita ya maziwa kila asubuhi kabla sijala kitu, na kikombe kingine usiku. Mafundi wenzangu nao wanasema maziwa yanasafisha vumbi la mbao na vanishi. Kweli nikinywa maumivu yanakata, ila baadaye yanarudi, na siku hizi tumbo linaunguruma na kujaa gesi mpaka naona aibu mbele ya wateja. Mgongo nao unauma, natumia diklofenaki za duka la dawa, nazimeza kwa maziwa ili zisinichome. Jirani yangu ni muuguzi, yeye anasema maziwa ni sumu kwa mwenye vidonda. Nimsikilize nani, mama au jirani?"

Marahaba, mdogo wangu. Mama hajakudanganya na jirani hajatunga. Kila mmoja ameshika kipande cha habari. Lakini katika barua yako yote, neno lililonishtua si maziwa, ni diklofenaki. Nitafika huko. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Fanya jambo moja jikoni leo. Mimina maziwa nusu glasi, kamulia ndimu nzima, koroga, subiri dakika mbili tatu. Utaona yanakatika: mabonge meupe huku, maji ya njano kule. Onja yale maji. Bado ni machachu, lakini si makali kama ndimu tupu. Mfuko wako wa chakula ukiwa mtupu una asidi kali kuliko hiyo ndimu. Maziwa yakiingia, protini yake inakutana na asidi, inaganda, na katika kuganda inameza sehemu ya ule ukali. Kidonda kinapumua. Kwa hiyo nafuu unayoisikia ni ya kweli, hujisingizii.

Tatizo ni kwamba tumbo halijui umekunywa dawa. Linachojua ni kwamba kimeingia chakula, tena chakula chenye protini na kalsiamu, vitu viwili vinavyolichochea litoe homoni iitwayo gastrini. Gastrini kazi yake ni kuziamuru seli za ukuta wa tumbo zitengeneze asidi. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa wagonjwa wa vidonda na kwa watu wazima wa afya: glasi moja ya mililita 240, ya maziwa yenye mafuta yote, yaliyopunguzwa mafuta, na yasiyo na mafuta kabisa. Glasi zote tatu ziliongeza asidi. Kwa hiyo anayekuambia ununue yale ya pakiti yasiyo na mafuta ndiyo salama kwa vidonda, mwache na pakiti yake.

Ni kama mkopo wa kwenye simu: unaingia haraka, unatatua shida ya jioni, halafu unakatwa na riba. Wewe riba yako inakatwa saa nane ya usiku. Umekunywa kikombe saa tatu, umelala, saa kadhaa zinapita, maziwa yameshateremka kwenye utumbo, asidi yaliyoiita imebaki peke yake na kidonda. Unaamka unajishika tumbo, na bila shaka unakwenda jikoni kunywa mengine.

Sasa usimlaumu mama. Wengi hudhani ushauri huu ni wa vijijini, wa mababu. Hapana, ulitoka hospitalini. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chicago, Bertram Sippy, alichapisha tiba yake ya vidonda: mchanganyiko wa maziwa na krimu nusu kwa nusu, mililita 90 hivi, kila saa moja, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni. Katikati ya hapo mgonjwa alipewa unga wa kuua asidi. Baada ya siku chache waliongeza mayai laini na uji. Wakati ule hiyo ilikuwa sayansi ya juu. Iliwaokoa wengi na kisu, na ilifundishwa duniani kwa miaka zaidi ya hamsini. Wauguzi waliifuata, wagonjwa waliirudisha nyumbani, na wajukuu wao wakaipokea kama hekima ya bibi. Mama yako anarudia agizo la daktari, sema daktari mwenyewe alishazikwa na agizo lake likabadilishwa.

Lilibadilishwa kwa sababu mbili. Kwanza, wapo waliokuwa wakinywa maziwa mengi pamoja na ule unga mwaka nenda mwaka rudi, kalsiamu ikapanda kwenye damu, figo zikaharibika. Madaktari walianza kuandika habari zao tangu miaka ya 1920. Hili linakuhusu kama una tabia ya kutafuna vidonge vya gesi vyenye kalsiamu au kulamba magadi juu ya maziwa. Pili, mwaka 1986 madaktari wa New Delhi waliwagawa wagonjwa 65 wenye vidonda vya duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Wote walipewa dawa moja ya kupunguza asidi, simetidini. Kundi moja lilikula chakula chake cha kila siku, jingine likawekwa kwenye maziwa. Baada ya wiki nne wakaangaliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Kati ya waliokula chakula chao cha kawaida, asilimia 78 vidonda vyao vilikuwa vimefunga. Kati ya waliokaa kwa maziwa, asilimia 53.

Hapo ndipo jirani yako alipopata neno "sumu". Lakini tazama vizuri. Wale walifanya maziwa kuwa ndiyo mlo wenyewe. Na hata hivyo zaidi ya nusu yao walipona. Sumu haiponyi nusu ya watu. Hakuna aliyeonyesha kwamba kikombe kimoja cha maziwa pamoja na ugali au mkate kinamzuia mgonjwa anayetumia dawa zake asipone. Mimi wagonjwa wangu siwakatazi maziwa. Ninachowakataza ni kuyafanya dawa, na hasa kuyanywa tumbo tupu na wakati wa kulala, nyakati zile zile mbili ulizozichagua wewe.

Na kidonda chenyewe hakikuletwa na ukosefu wa maziwa. Hakikuletwa na pilipili pia, wala mawazo, ingawa vyote viwili vinaweza kuyafanya maumivu yawe makali zaidi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 dunia nzima iliamini ni asidi na msongo wa mawazo. Kisha Warren na Marshall, madaktari wawili wa Perth, Australia, wakaonyesha kwamba kuna bakteria anayeishi ndani ya ute wa tumbo, mahali ambapo ilidhaniwa hakiishi kitu. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Barry Marshall alichukua bakteria hao akawanywa. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, mdomo unanuka, na vipande vidogo vya ukuta wa tumbo lake vilipochunguzwa ulionekana umevimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Jina la bakteria huyo ni hilo ulilotajiwa: H. pylori.

Karibu nusu ya watu wa dunia wanaye, na kwetu Afrika ni zaidi ya hapo. Wengi huambukizwa utotoni, kwa mate, matapishi au maji na mikono yenye uchafu wa choo. Wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote. Wanaopata ni mmoja au wawili katika kila kumi. Kwa hiyo kuwa naye si hukumu. Lakini mwenye naye na mwenye maumivu kama yako anatakiwa amuue, na maziwa hayamuui. Asali haimuui, maji ya kabichi hayamuui, bamia zilizolala kwenye maji hazimuui. Watakuletea video za mtu aliyepona kwa hivyo. Maumivu ya vidonda yana tabia ya kuja na kuondoka yenyewe, wiki kadhaa yapo, wiki kadhaa hayapo. Yeyote aliyekuuzia kitu siku moja kabla hayajaondoka ataonekana mganga.

Wewe ulipewa wiki mbili ukatumia siku tano. Nakuelewa kuhusu ile ladha ya chuma. Antibiotiki za klarithromaisini na metronidazoli zote huileta, hata mimi nilizitumia nikaijua. Lakini siku ya tano ni nafuu ya omeprazoli tu, ile dawa ya kupunguza asidi iliyokuwa kwenye mchanganyiko wako. Bakteria walikuwa wamepungua, hawajaisha, na waliobaki ndio wale wagumu. Ukirudi dukani kununua dozi ile ile unaweza kukuta haifanyi kazi tena. Ndiyo maana nakuomba urudi kwa daktari, umweleze wazi: nilianza dawa fulani tarehe fulani, nikaacha siku ya tano. Usione aibu. Tumezoea. Ukimficha, atakuandikia zile zile. Ukimwambia, atachagua mchanganyiko mwingine.

Na hapa maziwa yanaingia tena kwa mlango wa nyuma. Mchanganyiko huo mwingine mara nyingi una antibiotiki iitwayo tetrasaiklini. Kalsiamu ya maziwa huikamata dawa hiyo ndani ya utumbo, zinashikana, zinatoka pamoja chooni bila kuingia kwenye damu. Mtu anameza dawa siku kumi na nne, kila mara anashushia na maziwa ili asisikie kichefuchefu, halafu anasema dawa za siku hizi ni feki. Ukipewa tetrasaiklini, meza kwa maji, acha saa mbili kabla ya kugusa maziwa au mtindi. Siprofloksasini nayo ni hivyo hivyo. Vidonge vya kuongeza damu pia havipendi maziwa. Amoksilini haina shida hiyo. Omeprazoli yenyewe meza kwa maji nusu saa kabla ya kula. Ukiimeza baada ya chakula umeipotezea sehemu ya nguvu yake.

Jambo jingine kuhusu kipimo chako. Walikupima damu. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili uliwatuma kupigana na bakteria, na askari hao hubaki kambini miezi na hata miaka baada ya adui kuondoka. Kwa hiyo ukimaliza dawa ukapimwa damu tena, wataweza kukuambia "bado unao" wakati huna. Nimewaona watu waliokunywa dozi nne kwa ajili ya kipimo cha namna hiyo. Baada ya tiba omba kipimo cha choo kikubwa kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi kama kipo hospitali uliko. Kifanywe wiki nne au zaidi baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli uwe umeiacha kwa wiki mbili, la sivyo kitakudanganya kwa upande wa pili, kitasema huna wakati unao.

Sasa gesi na mngurumo. Hili ni shauri jingine kabisa, si la kidonda. Maziwa yana sukari yake, laktosi. Katika nusu lita unayokunywa asubuhi kuna gramu 24 hivi, kama vijiko sita vya chai vya sukari. Ili mwili uitumie, lazima ikatwe vipande viwili ndani ya utumbo mwembamba, na kinachoikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wazima walio wengi, karibu theluthi mbili duniani, hupungua baada ya kuacha kunyonya. Laktosi isiyokatwa huteremka nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wa huko wakaichachua kama togwa iliyosahauliwa kwenye ndoo na mfuniko juu. Umewahi kuufungua mfuniko ule? Basi ndiyo hiyo gesi yako mbele ya wateja. Wengine huharisha kabisa.

Hapa Afrika Mashariki mambo yamechanganyika kwa namna ya kupendeza. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba wafugaji wa kwetu wana badiliko lao wenyewe la kinasaba linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na lile la Wazungu, na kwamba lilienea haraka katika miaka kati ya 3,000 na 7,000 iliyopita, ng'ombe walipokuwa wakisambaa. La kushangaza zaidi, karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa walimudu maziwa, na wao ni wawindaji, ng'ombe si desturi yao. Kwa hiyo usijipime kwa kabila. Wapo watoto wa wafugaji wanaotokwa jasho kwa glasi moja.

Jipime hivi. Acha maziwa na chai ya maziwa kwa wiki mbili, usibadilishe kingine. Kama gesi imepungua, siku moja asubuhi kunywa kikombe kimoja kikubwa cha maziwa peke yake, tumbo tupu, uangalie saa. Mngurumo ukianza ndani ya nusu saa hadi saa mbili, umepata jibu bila kulipa maabara. Gesi ikibaki pale pale hata bila maziwa, peleka choo kikapimwe; giadia na wadudu wengine wa utumbo hufanya vivyo hivyo.

Na ukigundua ni laktosi, si lazima uage maziwa. Wengi wa namna yako wanamudu kikombe kimoja kwa wakati, hasa kikiandamana na chakula. Ni ile nusu lita kwa mkupuo iliyokuelemea. Mtindi ni mwepesi zaidi, kwa sababu bakteria waliougandisha wameshakula sehemu ya laktosi, na wanaendelea kukusaidia kuimeng'enya wakiwa tumboni. Una faida nyingine pia: wakati wa dozi ya antibiotiki, watu wanaokula mtindi wenye bakteria hai huharisha kidogo kuliko wasiokula. Ila uchachu wake huwachoma baadhi ya wenye kidonda kibichi. Ukikuchoma, uache mpaka upone, si lazima kuvumilia kitu kwa sababu daktari kakisifia.

Hukuniambia maziwa unayanunua wapi. Kama ni ya pakiti au umeyachemsha, sawa. Kama ni yale yanayopita asubuhi kwenye madumu ya njano juu ya baiskeli, na wewe unayanywa mabichi kwa sababu mtu alisema kuchemsha kunaondoa nguvu ya kutibu, acha leo. Kuchemsha hakuongezi wala hakupunguzi chochote kwa kidonda, lakini kunaua brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Brusela inakuja na homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na watu hutibiwa malaria na taifodi miezi mitatu kabla ya mtu kuuliza habari ya maziwa. Umesema mgongo unauma. Nadhani ni kazi ya kuinamia randa, lakini kama unao pia jasho na homa za jioni, mtajie daktari maziwa mabichi kabla hujamtajia randa.

Tumefika kwenye diklofenaki.

Ukuta wa tumbo haujichomi kwa asidi yake kwa sababu umefunikwa na ute mzito, na ute huo hutengenezwa kwa amri ya kemikali ziitwazo prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzizuia kemikali hizo hizo. Mgongo unapoa, na tumbo linavuliwa nguo. Hilo linafanyika kupitia damu, si kwa kidonge kugusa kidonda. Ndiyo maana kumeza kwa maziwa hakukulindi. Kunapunguza tu ule mchomo wa papo hapo, kisha dawa inazunguka na damu inarudi kulifikia tumbo kwa nyuma. Ndiyo maana pia sindano ya diklofenaki haina usalama zaidi, hata kama mchomaji amekuahidi. Na mtu mwenye H. pylori anayetumia dawa hizi ana hatari kubwa kuliko mwenye kimoja tu kati ya viwili. Wewe una vyote, na juu yake una kikombe cha maziwa kinachokuzuia usisikie.

Nilimtibu mtu wa makamo, fundi ujenzi, aliyekuja kliniki kwa miguu yake akilalamika kuchoka tu. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa na chupa ya soda ya nusu lita iliyojaa maziwa, kila baada ya muda anaonja, kama mtu mwenye kikohozi na dawa yake. Tumbo? "Tumbo halinisumbui sana daktari, maziwa yananishika." Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Choo kilikuwa cheusi kwa wiki mbili, akadhani ni mboga. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilisoma tano, chini sana. Alikuwa anatumia dawa za mgongo kila siku kwa mwaka mzima, akizishushia na maziwa, kama wewe. Tulimwongezea damu, kamera ikaonyesha kidonda kilichokuwa kikivuja taratibu. Amepona, lakini sikupenda jinsi alivyokaribia.

Kwa hiyo diklofenaki uache, na kwa maumivu ya mgongo tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Soma pakiti mwenyewe, maana zipo dawa za mchanganyiko zenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na muuzaji akikuambia "hii ni panado yenye nguvu" hajakudanganya, amekuambia nusu. Mgongo wenyewe mwambie daktari siku hiyo hiyo. Pengine unachohitaji ni kuinua meza ya kazi.

Kuhusu vumbi na vanishi, nitakuwa mfupi. Maziwa hupita koo la chakula, vumbi hupita koo la hewa. Hayakutani. Desturi hii ipo viwandani pia, saruji na rangi, ambako mfanyakazi hupewa pakiti ya maziwa badala ya barakoa, na kwa maoni yangu pakiti ile imewaondolea lawama waajiri wengi. Vumbi la mbao huleta pumu, na kwa miaka mingi linaweza kuleta saratani ya pua. Vaa barakoa, paka vanishi nje au madirisha wazi, sakafu inyunyizie maji kabla ya kufagia. Na kwa kuwa tumegusa karakana: mtoto akinywa mafuta ya taa au tina, msimpe maziwa wala msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Ukiniuliza siku yako iwe vipi basi, mimi ningepanga hivi. Asubuhi omeprazoli kwa maji, ukikubaliana na daktari; nusu saa baadaye chai na kitu cha kutafuna, viazi, chapati, mihogo, chochote unachokula bila kusikia vibaya. Maziwa ukiyataka, kikombe kimoja, yamechemshwa, katikati ya chakula. Chakula cha jioni kiishe saa mbili au tatu kabla ya kulala, na baada ya hapo maji tu. Kama ukilala unacheua maji machungu mpaka kooni, hicho ni kiungulia cha asidi kupanda, na maziwa yenye mafuta wakati wa kulala hukiongeza kwa sababu yanalichelewesha tumbo kumaliza kazi. Inua kichwa cha kitanda kwa tofali moja kila mguu, usiongeze mto. Sigara, kama unavuta, inakichelewesha kidonda kufunga kuliko pilipili yoyote. Pilipili kula kadiri tumbo linavyokuruhusu.

Usisubiri miadi ukiona choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka kupita kawaida, ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa uliolowa, chakula kikikwama kooni, ukikonda bila sababu, au tumbo likikaza ghafla kama ubao na maumivu yakikuzuia kunyooka. Hapo hakuna swali la maziwa. Usinywe chochote, nenda hospitali, hata kama ni usiku. Na hata bila dalili hizo, kwa miaka miwili ya maumivu na diklofenaki juu yake, mwombe daktari azungumze nawe kuhusu kupimwa kwa kamera. Ule mpira wenye kamera si mgumu kuumeza kama watu wanavyousimulia. Ni dakika chache, na ndio peke yake utakaotuambia kama kweli kuna kidonda, maana mpaka leo, kwa barua yako, hakuna aliyekiona.

Mama mwambie aendelee kukuchemshia, ila kikombe kimoja, na kije na kiporo au mkate. Jirani yako muuguzi msaidiane naye kwa jambo moja: akukumbushe dozi. Ladha ya chuma itarudi siku ya pili au ya tatu. Piga mswaki, tafuna karafuu moja ukiwa kazini, na uhesabu vidonge kwenye pakiti jioni. Ladha inaondoka siku mbili baada ya kidonge cha mwisho, na kidonge cha mwisho ni cha siku ya kumi na nne.